Askari Ndani ya Slaidi ya Daktari Mbonde

Siku ya kuniaga, nikiwa bado na shada shingoni na keki mdomoni, Daktari Neema alinivuta pembeni akaniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki maabara mambo ambayo hayamo kwenye miongozo. Nikamjibu kwamba hata yaliyomo kwenye miongozo hamyasomi. Alicheka, lakini hakuniachia mkono mpaka nilipokubali. Sasa niko nyumbani Kimara, kuku wamekula, wajukuu wameenda shule, na mikono yangu kila asubuhi inaamka kabla yangu ikitafuta kitu cha kukata. Basi acha niandike.

Vyeo sitavitaja, maana vyeo vya maabara yetu vilikuwa vya kubadilisha jina la kiti tu, na kiti chenyewe kilibaki kilekile chenye mguu mbovu. Nitaanza na harufu ya fomalini. Siku ya kwanza ilinitoa machozi mlangoni, na wafanyakazi wenzangu wakadhani nalia kwa kupangiwa idara ile. Kweli sikuitaka. Nilikuwa binti wa Njombe niliyetamani kukaa kule wanakopima damu, mahali ambapo mgonjwa unamwona uso na majibu yanatoka siku ileile. Nikapelekwa kwenye chumba cha vinyama, nyuma kabisa ya jengo, ambako wageni walikuwa wachache na paka walikuwa wengi.

Mkubwa wa chumba kile alikuwa Daktari Mbonde, daktari wa patholojia, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa bonde la Rufiji aliyejenga Temeke. Ijumaa alivaa kanzu chini ya koti lake jeupe. Nikampa shikamoo, akaitikia, na kabla hajaniuliza jina akanikabidhi kichupa chenye kitu kidogo kinachoelea. Akaniuliza naona nini. Nikasema naona kinyama.

"Hapana," akasema. "Huyo ni mtu. Amekaa kwenye benchi hapo nje anasubiri."

Nilichungulia dirishani, na kweli kwenye benchi palikuwa na mama mmoja na kikapu chake. Sikumsahau mama yule, wala sikukiita tena kitu chochote kinyama mbele ya Daktari.

Nyinyi mmeikuta mashine ya kupozea na mmezoea kuilalamikia. Sisi tulikuwa na barafu. Kinyama kikishakaa kwenye fomalini na kuogeshwa dawa zake, kinazamishwa ndani ya nta iliyoyeyuka, inaganda, inakuwa bloku. Na bloku haikatiki vizuri bila ubaridi, na jua la Dar es Salaam halina habari na kazi ya mtu. Tulikuwa tunatuma mtu kwa akina mama wanaouza barafu za mifuko. Siku moja mhudumu mgeni alituletea za ubuyu. Hakuna aliyeangalia, tukazipanga bloku juu yake, na asubuhi yote vinyama vya wagonjwa vikawa vinanukia kama mapumziko ya shule ya msingi. Daktari Mbonde alinusa, akauliza kama kuna aliyegundua ugonjwa mpya, akarudi ofisini kwake.

Kukata nilifundishwa na yeye mwenyewe, ingawa haikuwa kazi yake. Alisema daktari asiyejua kukata hana haki ya kulalamika kuhusu slaidi. Unageuza gurudumu taratibu, wembe unapita, na vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu vinatoka vimeshikana kama utepe. Bloku ikiwa baridi mno, vipande vinapasuka. Hapo ndipo unapoiinamia na kuipumulia kwa mdomo wazi, kama mtu anayefuta miwani, nta inalegea kidogo, na kipande kinachofuata kinatoka kizima. Unakilaza juu ya maji ya uvuguvugu, kinajinyoosha, unakiopoa kwa slaidi. Kisha rangi mbili, ya zambarau na ya waridi. Hakuna kitabu kitakachokuambia upumue kiasi gani. Mimi ilinichukua msimu mzima wa mvua.

Mchana kazi ikipungua aliniita kwenye hadubini yake ya vichwa viwili. Yeye upande huu, mimi upande ule, tunatazama kitu kimoja. Nilipenda saa hizo kuliko kitu chochote katika kazi yangu, na nisipolisema hili wazi sasa sijui nitalisema lini. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kukaa nami akanionyesha kitu kwa utulivu namna ile, bila kuniharakisha na bila kunihurumia.

Alichokipenda hasa ni kibofu cha mkojo. Huko alikozaliwa, watoto walishinda kwenye majaruba ya mpunga, na kichocho kilikuwa sehemu ya utoto kama kung'oka meno. Alijua kwamba kichocho kikikaa miaka mingi kinaweza kuzaa saratani ya kibofu, na alijua pia kwamba ipo saratani ya kibofu isiyohusiana na kichocho hata kidogo, ya wavutaji sigara na wengine. Kilichomsumbua ni tabia ya saratani hiyo ya kurudi. Daktari wa upasuaji anaingia na bomba jembamba kupitia njia ya mkojo, anaukwangua uvimbe, mgonjwa anaenda nyumbani anacheka, na baada ya miezi uvimbe uko palepale au ukuta wa pili. Daktari Mbonde alisema ni mpangaji aliyefukuzwa akabaki na ufunguo. Kwa wengine, hata hivyo, ulikwanguliwa mara moja na haukurudi tena mpaka wakafa kwa uzee. Kwa nini huyu urudi na yule usirudi?

Aliamini sehemu ya jibu iko kwenye seli za kinga. Utazame uvimbe kwenye hadubini, utaona seli kubwa kubwa zilizovurugika, halafu katikati yake au pembeni utaona vitu vidogo vya mviringo, vyeusi, kama mbegu za mchicha zilizomwagika. Hizo ndizo zilizotumwa na mwili kupigana. Tuliziita askari, kama anavyoziita kila mwalimu wa sayansi nchini. Katika uvimbe fulani askari wameingia hadi ndani, wamechanganyika na adui. Katika mwingine wamejaa ukingoni tu, kama watu waliokusanyika kwenye ajali. Daktari aliandika jambo hili kwenye kila ripoti ya kibofu, mstari mmoja wa mwisho, ingawa madaktari wa upasuaji walimtania kwamba mstari ule haubadilishi dawa wala kisu.

Mimi kwa ushamba wangu nilidhani hesabu ni rahisi, askari wengi maana yake ushindi. Alinirekebisha siku hiyohiyo.

"Wingi si hoja, Felista. Uliza kwanza wamo ndani au wako mlangoni. Halafu waliomo ndani, wanafanya kazi au wamekaa? Askari wote sare yao moja. Aliye doria na aliyelala kituoni huwezi kuwatofautisha kwa sare."

Kwa rangi zetu za zambarau na waridi, kweli, wote walikuwa sare moja. Ilihitajika rangi nyingine, ile ya kahawia, ambayo inamshika askari wa aina moja tu na kumwacha mwingine. Hapo unamjua anayeua, na unamjua pia yule ambaye kazi yake ni kuwatuliza wenzake wasiendelee kupigana, maana mwili nao una askari wa namna hiyo, na uvimbe mjanja hujua kuwakaribisha. Rangi ya kahawia sisi hatukuwa nayo. Daktari aliisoma tu kwenye majarida, na aliizungumzia kama watu wanavyozungumzia shamba waliloahidiwa na mjomba.

Kesi iliyomkalia kifuani ilikuwa ya mpagazi mmoja wa soko la Tandale, mtu mwenye mgongo mpana kama mlango, aliyebeba magunia ya viazi tangu ujanani. Uvimbe wake ulikwanguliwa na akaambiwa arudi kila baada ya miezi mitatu achunguzwe kwa bomba. Alirudi mara chache za kwanza, kisha akajiona mzima akaacha. Alipoletwa tena uvimbe ulikuwa umeshaingia kwenye misuli ya kibofu na kupita. Slaidi yake niliikata mimi. Daktari aliitazama, akazima taa ya hadubini. Tangu hapo kila alipogundua saratani ya kibofu alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi, akakaa na mgonjwa, akamwambia arudi hata akijiona mzima kuliko daktari. Methali yake ilikuwa moja, mficha maradhi kifo humuumbua. Wahudumu wakimwona anainuka na ripoti walikuwa wanaitamka kabla hajafika mlangoni.

Sheria zake nyingine mnazijua kwa sababu nimewapigia kelele nazo. Slaidi haina jina, ina namba. Majibu yanatolewa na daktari, mkataji hamwambii mtu hata akiwa ndugu yake.

Alistaafu, akapumzika kidogo, akarudi kwa mkataba kwa kuwa Daktari Neema, mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa peke yake na kazi zimefurika. Wakati huo ndipo nilipoanza kumwona anaenda msalani kila mara na kurudi amekunja uso. Siku moja nikaona kwenye mfuko wa koti lake vidonge vya kichocho. Nikamuuliza. Akasema ni kichocho chake cha utotoni, kimemkumbuka. Akanisimulia kwamba kwao zamani mvulana asipokojoa damu mama yake alianza kuwa na wasiwasi, watu walidhani ndiyo kukua. Nikacheka naye. Mtu aliyeandika kwenye ripoti za wengine miaka na miaka kwamba damu kwenye mkojo wa mtu mzima isidharauliwe, yake aliipa vidonge akaendelea kungoja. Waswahili walishasema mganga hajigangi, na mimi nilikuwa naliona hilo kwa macho yangu bila kuliona.

Aliyelimaliza ni mkewe, Bi Zuhura. Alitokea dirishani kwetu asubuhi moja na baibui lake na mkoba, akatusalimia wote vizuri, akauliza habari za watoto, habari za kazi, habari za Kimara. Salamu zilipokwisha akasema, mumewe akiwa amekaa palepale:

"Huyu mwenzenu anakojoa damu tangu kabla ya mfungo. Nafua vikoi mie, najua. Nimesema mpaka nimechoka. Mpimeni nyie, ama nimfunge kamba nimpeleke mwenyewe."

Daktari Mbonde alitazama chini. Daktari Neema alivua glavu, akachukua simu.

Kichupa kilipokuja kilikuwa na namba tu, kama vyote. Lakini nani asingejua? Daktari Neema aliniambia kwa upole kwamba anaweza kumpa mkataji mwingine. Nilikataa. Mkono wangu aliufundisha yeye, sikuona ni nani mwingine angestahili. Niliipoza bloku, nikaifunga kwenye mashine, nikageuza gurudumu. Vipande vya kwanza vilipasuka. Nikaiinamia nikaipumulia, na hapo nilielewa ninampumulia nani. Niliogopa. Nilikata huku naomba Mungu, na utepe ukatoka mzuri, na sikujua kama nishukuru au nilie, kwa sababu slaidi nzuri huonyesha kila kitu.

Daktari Neema aliisoma kwanza peke yake. Kisha akamwita, akamkalisha upande wa pili wa hadubini, maana kumkatalia asingeweza. Mimi nilisimama mlangoni. Daktari Mbonde alitazama, akaomba slaidi isogezwe kushoto kidogo, akaanza kusema kwa sauti ya kazini, kana kwamba mwenye kibofu yuko kwenye benchi nje. Uvimbe upo. Ni mkali. Umevuka utando wa juu, misuli haujaigusa. Halafu akauliza, "Na askari?"

Daktari Neema akasema wapo, wengi, wengine ukingoni na wengine ndani.

"Wanafanya nini?"

"Kwa rangi hii siwezi kujua, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa ndilo jibu alilomfundisha mwenyewe.

Daktari wa upasuaji alimwekea njia mbili. Kibofu kitolewe mapema, awe na mfuko wa mkojo tumboni maisha yake yote. Au kibaki, awekewe dawa ndani yake, na achunguzwe mara kwa mara, akijua uvimbe unaweza kurudi. Daktari Mbonde alikuwa mtu wa swala tano, na fikra ya kusimama mbele ya Mola wake na mfuko wa mkojo ubavuni ilimtesa kuliko neno saratani. Alienda kwa sheikh wa msikiti wao. Sheikh akamwambia mwenye udhuru anatawadha kwa kila swala na anasali, dini haimwekei mgonjwa uzito. Alituletea habari hiyo maabara na tukafurahi, tukidhani limekwisha.

"Sheikh ameniruhusu," akasema. "Moyo wangu ndio haujaniruhusu."

Akachagua dawa. Na dawa yenyewe, kwa wale ambao hawajui, ni chanjo ya kifua kikuu, ileile ya watoto wachanga, inayomiminwa ndani ya kibofu ili kuwachokoza askari waje kwa wingi. Majirani wa Temeke walipomuuliza anatibiwa nini aliwaambia anachanjwa upya kama mtoto, ila safari hii wamekosea mahali pa kuchanja.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoitamani. Nikiambiwa nichague siku za kurudishiwa, sitachagua ujana wangu, nitachagua hizo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, kazi hakuwa nayo, lakini kila baada ya dawa na homa zake kupita alikuja, akavuta kile kiti cha mguu mbovu, akakaa kando yangu nikikata. Alinikosoa utepe. Alinihadithia majaruba, viboko waliokula mpunga wa baba yake, mwalimu mkoloni aliyeogopa panzi. Bi Zuhura alimpa vitumbua atuletee, na njiani alikuwa amekula nusu. Majibu ya bomba yalikuja safi, na yaliyofuata safi, na kila yalipokuja safi Daktari Neema alipiga meza kwa kiganja na mimi nikaenda kuchemsha chai. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na furaha namna hiyo mahali penye harufu ile.

Katika miezi hiyo pia ndipo walipopanga ule uchunguzi mnaoendelea nao. Bloku za zamani za kibofu zitolewe kabatini, za wagonjwa ambao uvimbe uliwarudia na za wale ambao haukuwarudia, zikatwe upya, zipakwe rangi ya kahawia, na askari wao walinganishwe. Hatimaye dawa za rangi ile ziliagizwa. Mzigo wa kwanza ulikaa kwenye joto ukisubiri kutolewa forodhani, ukafika umeharibika. Ukaagizwa mwingine. Daktari Mbonde alitia sahihi bloku zake zitumike. Akamwambia Daktari Neema, "Mkifika kwangu, msinihurumie."

Uvimbe ulirudi. Niliona kabla ya Daktari Neema, kwa jicho tu, nilipoinua slaidi kwenye mwanga kuangalia kama rangi imekolea. Baada ya miaka mingi mtu anajua umbo baya hata bila hadubini. Niliiweka kwenye trei yake, nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji. Ulikuwa umeingia kwenye misuli. Safari hii hakukuwa na njia mbili.

Kibofu kikatolewa. Mfuko aliouogopa akaupata, akasali nao, na Bi Zuhura aliniambia kwamba kwa wiki ya kwanza alikuwa anautazama kama mgeni aliyevamia nyumba, baadaye akauzoea hata akausahau. Ila ugonjwa ulikuwa umeshaondoka kibofuni kabla kibofu hakijaondoka. Ukaonekana kwenye mapafu.

Nilikuwa nikienda Temeke kumwona Jumapili baada ya ibada. Ziara ya mwisho nilimkuta ameegemezwa mito, amekuwa mwepesi, macho tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akauliza kama dawa za rangi zimefika. Nikasema bado.

"Kuna kitu kimoja tu nataka kujua," akasema. "Miezi ile niliyokuwa nameza vidonge vya kichocho kama mjinga, kuna aliyekuwa ananishughulikia mle ndani? Au wote tulilala?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu mwingine yeyote ningemdanganya, ningesema walikuwepo, walipigana, Daktari Neema ameona. Nikamwambia sijui.

"Vizuri. Usijibu usichokiona," akasema, akafumba macho. Nilikaa mpaka aliposinzia, nikaondoka bila kumuaga ili nisimwamshe. Bado inaniuma.

Alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo kwao. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, wanaume wakaenda naye makaburini. Dawa za rangi ya kahawia zilifika majamvi ya msiba hayajakunjwa.

Bloku zake zilikuwa kati ya kazi zangu za mwisho mwisho kabla ya kuondoka. Nilichukua ile ya kwanza kabisa, ya kabla ya chanjo, ya enzi za vidonge. Nilikata slaidi kadhaa, na Daktari Neema akazipaka rangi ya kahawia, slaidi moja kwa kila aina ya askari. Alipomaliza kuzisoma hakunieleza, alinipisha nitazame.

Slaidi ya wale wanaoua ilikuwa imejaa kahawia. Hawakuwa ukingoni. Walikuwa wameingia katikati, kila pembe, wameminyana na seli za uvimbe. Kisha akaweka slaidi ya pili, ya wale wanaowatuliza wenzao. Nao walikuwa wengi, na walikuwa karibu nao, bega kwa bega. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Daktari Neema alisema nisichukue kioo kimoja nikakifanya hukumu, kwamba kwa mtu mmoja hatuwezi kuapa kwa nini uvimbe ulirudi, ndiyo maana bloku nyingine zote zile zinakatwa. Nikasema najua, maneno hayo nayajua yanatoka kwa nani. Akajifuta macho. Akaniambia tukienda kwenye hitima, Bi Zuhura akiuliza, nimweleze mimi. Majibu hutolewa na daktari, nikamkumbusha. Akasema yeye ndiye daktari, na ameamua yatoke kwangu.

Hitima ya arobaini ilisomwa nyumbani pale Temeke. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake tulikuwa uani kwenye masufuria ya pilau, na mimi Mkristo wa Njombe nilipewa kazi ya kukata kachumbari, maana walishanizoea. Bi Zuhura alinigusa bega, akanipeleka chumbani, akafunga mlango. Tukakaa kitandani. Alinyoosha ushungi wake, akaukunja, akaunyoosha tena.

"Mama Upendo," akasema, kwa jina la mwanangu kama alivyozoea kuniita, "mie nimemwona mume wangu kwa nje maisha yangu yote. Wewe ndiye uliyemwona ndani. Siku zake za mwisho alikuwa ananiuliza mwili wake ulimpigania ama ulimwacha, na mie sikuwa na la kumjibu. Alikuwaje mle ndani?"

Nikamwambia. Walikuwepo tangu slaidi ya kwanza, wakati yeye bado anameza vidonge na kutuchekesha. Waliingia mpaka katikati, na walikuwa wengi. Nikamwambia na la pili, kwamba kati yao walikuwepo waliowashika wenzao mikono, na pengine ndipo waliposhindwa, ingawa Daktari Neema hawezi kuapa. Lakini hakuna hata mahali pamoja kwenye slaidi ile ambapo nilimwona yuko peke yake.

Bi Zuhura aliuachia ushungi. Huko nje walikuwa wanaitikia amina.

"Kumbe," akasema mwishowe. "Miezi yote ile nilidhani ni mie tu."